Tembe la Kwihara limejengwa upya: je, lina cha kuona?

Msomaji wetu wa Dodoma anauliza: "Mwezi wa saba tunakwenda Tabora kwenye harusi, na nitakuwa na wanangu wawili, mmoja yuko darasa la sita na mwingine kidato cha pili. Nilipanga kuwapeleka Kwihara wakaone nyumba aliyokaa Dk. Livingstone. Shemeji yangu ananiambia nisipoteze nauli: eti nyumba yenyewe ilianguka zamani, hii ya sasa ni ya kujengwa upya, na ndani hamna kitu zaidi ya picha. Ni kweli? Na tukienda, tuangalie nini?"

Dada yangu, nendeni. Shemeji yako hakudanganya. Kuta mtakazoziona zilisimamishwa upya katika miaka ya 1950, enzi za Mwingereza, pale tembe la karne ya 19 lilipokuwa limeshaanguka. Na ndani vitu ni vichache kweli: picha, ramani, nakala za barua. Mtu akienda na matumaini ya kukuta kitanda cha Livingstone na kofia yake imetundikwa, atarudi amenuna. Nisichokubaliana naye ni pale anaposema kwamba kwa sababu hiyo hakuna cha kuona. Nitakujibu kwa urefu, maana neno hilo husemwa juu ya karibu kila nyumba ya kale nchini, na linawanyima watoto wetu mambo mengi.

Tuanze na udongo, kwa kuwa ubishi wote umetokea huko. Tembe ni nyumba ya nyanda za kati. Wagogo wanalo, Wanyamwezi walikuwa nalo, na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliopanda kutoka pwani wakafika Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, waliichukua namna hiyo ya ujenzi wakaikuza. Kuta wakazifanya nene, za matofali mabichi yaliyokaushwa juani. Mbele wakaweka baraza ya kupokea wageni, katikati wakaacha ua, na mlangoni wakatia mbao za nakshi kama walivyozoea Unguja. Paa likabaki bapa: boriti zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake fito zilizobanana, na juu ya fito udongo uliopigwa mpaka ukashikana. Nyumba ya namna hiyo ina ubaridi mchana wa jua kali, na usiku wa Juni inatunza joto. Adui zake ni wawili, maji na mchwa.

Mvua za Tabora huanza Novemba hivi na kwenda hadi Aprili. Paa la udongo likipata ufa na asipatikane mtu wa kupanda kuuziba, maji huingia kwenye boriti. Boriti ikilowa inaoza, isipooza mchwa wanaimaliza. Paa linaketi, na ukuta uliobaki wazi kwa juu unayeyuka kama sukari guru iliyosahauliwa mvuani. Ndiyo maana mwenye tembe alikuwa fundi wa kudumu. Kila kiangazi alikandika ukuta upya, akaongeza udongo darini, akabadilisha boriti iliyochoka. Hata mwaka 1871, nyumba ikiwa na wenyewe na imejaa watu, sehemu zake nyingi hazikuwa zile zilizojengwa siku ya kwanza. Ukidai tofali la mwanzo katika nyumba ya udongo, unadai kitu ambacho mjenzi wake mwenyewe hakukikusudia.

Wahifadhi wa majengo walilijadili jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1964, mjini Venice, walikubaliana kwamba kurejesha jengo kukome pale kubahatisha kunapoanza. Mwaka 1994, mjini Nara huko Japani, wakaongeza lile ambalo watu wa nyumba za udongo na za mbao walikuwa wakilijua siku zote: uhalisi wa jengo haupimwi kwa umri wa vifaa peke yake. Umbo lake, ufundi wake, mahali lilipo na matumizi yake vinaingia pia kwenye mizani. Msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali ulijengwa upya mwaka 1907, na wananchi hukusanyika kuukandika udongo karibu kila mwaka, na hakuna anayekwenda pale akasema ameonyeshwa kitu cha bandia. Anachodai mgeni kwa haki yake ni kuambiwa ukweli. Kwa hiyo mkifika, muulize mtunzaji waziwazi: ni sehemu zipi zilifuata msingi wa zamani, na zipi zilikisiwa? Milango hii ilikuwapo hapa au imeletwa? Mtunzaji mzuri hulipenda swali hilo. Wageni wengi hawaliulizi.

Na asiwepo wa kudhani kwamba nyumba za mawe zimesalimika. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu walipoteza maisha. Jengo la kale, la mawe au la udongo, linaishi kwa kutunzwa. Kila tembe lililosimama leo limesimama kwa sababu mtu alipanda paani mwaka jana.

Sasa tuje kwenye mambo yaliyotukia hapo, kwani ndiyo sababu hasa ya kukwambia uende.

Kwihara iko kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora. Wakati ule Unyanyembe ilikuwa nchi ya vijiji vilivyokaribiana: Tabora, ambayo wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliiandika Kazeh walipofika Novemba 1857, Kwikuru, makao ya mtemi, na Kwihara. Ilikuwa njia panda ya bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea miezi kama mitatu ndipo ifike hapa, na hapa njia zikagawanyika: moja magharibi kwenda Ujiji na ng'ambo ya Tanganyika, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa waliteremshwa pwani. Nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba zikapandishwa. Tanzania imeipendekeza njia hiyo iingie katika Urithi wa Dunia, na Kwihara imetajwa katika orodha ya mapendekezo ya mwaka 2006 pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Ninyi mnaotoka Dodoma mnasafiri juu ya njia hiyohiyo, na watoto waambieni hivyo mkiwa bado garini.

Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliingia Unyanyembe Juni 1871 akimtafuta Livingstone. Mtemi alikuwa Mkasiwa. Liwali wa Sultani wa Zanzibar alikuwa Said bin Salim, yuleyule aliyekuwa kiongozi wa msafara wa Burton na Speke mwaka 1857. Stanley akapewa nyumba Kwihara akae yeye, watu wake na mizigo yake.

Asingeweza kwenda mbele, kwa kuwa Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Hapa naomba ukae na wanao mzungumze kwa kina, kwa sababu vitabu vya kigeni huandika kana kwamba Mirambo alikuwa jambazi wa njiani. Alikuwa mtawala wa Kinyamwezi aliyekuwa akijenga dola. Alitaka biashara inayopita katika nchi yake imtii yeye, na alikuwa na askari na bunduki za kulisimamia neno lake. Agosti 1871 Waarabu wa Unyanyembe walimwendea kwa vita, na Stanley akajiunga nao na watu wake. Walishindwa vibaya. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe akaichoma moto, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa siku hiyo. Kwihara walikuwa wanauona moshi. Stanley alitoboa matundu ya bunduki ukutani, akafyeka vichaka na kuchoma vibanda vilivyolizunguka tembe ili adui asipate pa kujificha, akapandisha bendera ya Marekani darini na kumsubiri. Mirambo hakuja. Mkisimama uani mkatazama unene wa ukuta, mtoto wa kidato cha pili ataelewa mwenyewe kwa nini mtu aliona nyumba ya udongo inatosha kuwa ngome.

Ni katika siku hizo za vita, Septemba, mfanyabiashara mmoja alimpa Stanley zawadi. Zawadi hiyo ilikuwa mtoto. Jina lake Ndugu Mhali, mvulana mdogo mtumwa, na Stanley akambadilisha jina akamwita Kalulu. Alimchukua hadi Ulaya na Marekani, akampeleka shule Uingereza, kisha akarudi naye Afrika katika safari iliyofuata. Kalulu alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877, bado kijana. Ukitaka mwanao wa darasa la sita aelewe utumwa ulikuwa nini, msimulie kisa cha mtoto huyu mkiwa hapo uani, mahali ambapo mtu angeweza kupewa mtoto wa mwenzake kwa mkono kama vile anavyopewa mbuzi. Usimfiche. Watoto wa umri huo wanayapokea mambo mazito wakiambiwa kwa utulivu na mtu wanayemwamini.

Stanley aliondoka Septemba kwa njia ya kuzunguka kusini, akamkuta Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka, na wote wawili wakarudi Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Walikaa pamoja humo wiki chache. Tarehe 14 Machi Stanley akashika njia ya pwani, amebeba barua na daftari la safari la Livingstone lililofungwa kwa lakiri. Livingstone alimsindikiza kwa miguu, kisha akarudi nyumbani akabaki kungoja.

Alingoja mpaka tarehe 25 Agosti. Kipindi hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika historia ya nyumba hii, ingawa hakina bunduki wala mkutano maarufu. Mzee wa miaka 59, meno yamepukutika na tumbo linamsumbua, anangoja wapagazi aliowaomba watumwe kutoka Unguja. Anasoma, anaandika, anawatazama ndege, anatengeneza jibini ya safari kwa maziwa ya ng'ombe aliowapata. Katika miezi hiyo aliandika barua ndefu kwa New York Herald kuhusu biashara ya watumwa, na mwishoni akaomba baraka za mbinguni zimshukie yeyote, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki, atakayesaidia kuliponya donda lililo wazi la dunia. Ni tarehe 1 Mei 1872. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 1 Mei 1873, alikufa kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Maneno hayo ya Kwihara ndiyo yaliyochongwa kwenye jiwe la kaburi lake London, ndani ya Westminster Abbey. Kila siku wageni huyakanyaga au kuyasoma, na wengi wao hawajui kwamba yaliandikwa Unyamwezi. Mwanao wa kidato cha pili akayajue.

Lakini dada, nyumba hii imepewa jina la mtu mmoja, na hilo linaficha wengi. Nikupe majina uende nayo, uyatafute kwenye picha na maandishi mtakayoyakuta, na mahali yasipokuwapo uyataje wewe kwa sauti.

La kwanza ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alitekwa utotoni akauzwa hadi India, akarudi Zanzibar mtu mzima na huru. Alitembea na Burton na Speke, akatembea na Speke na Grant, akawa mkuu wa askari wa Stanley mwaka 1871, kisha mwaka 1873 akapita tena hapa na Verney Lovett Cameron na kuvuka naye bara zima hadi Atlantiki. Wazungu walikuja wakaenda, na yeye akairudia Unyanyembe na kila mmoja wao. Kama kuna mtu wa misafara aliyezijua nyumba na njia za hapa, ni Bombay.

Kisha Halima, mpishi wa Livingstone. Tangu Ujiji yeye ndiye aliyekuwa akihangaika kumlisha mzee asiyeweza tena kutafuna. Alikaa Kwihara miezi ile yote ya kungoja, akaenda naye safari ya mwisho, na alikuwamo katika msafara ulioirudisha maiti pwani. Mkifika kwenye ua, muulizeni mtunzaji moto ulikuwa ukikokwa wapi. Katika makumbusho ya nyumba za kale jiko ndilo chumba kinachosahauliwa kuliko vyote, na ndimo kazi nyingi za nyumba zilimofanyika. Yumo pia Ntaoeka, mwanamke aliyejiunga na msafara na kuolewa na Chuma, mtumishi wa Livingstone, naye akatembea njia yote.

Na wapo Chuma, Susi na Jacob Wainwright. Abdullah Susi na James Chuma walikuwa na Livingstone tangu kabla ya safari ya mwisho iliyoanza 1866. Jacob alikuja na wapagazi 57 aliowatuma Stanley kutoka Unguja, waliofika hapa Agosti 1872. Livingstone alipofariki, wao ndio walioamua, bila kuamriwa na mtu, kwamba atarudishwa kwao. Moyo waliuzika chini ya mti kwa Chitambo, mwili wakaukausha juani, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakaanza kutembea. Oktoba 1873 Chuma aliingia Kwihara akitangulia, ameshika barua iliyoandikwa na Jacob. Waliompokea ni Cameron na wenzake, ambao nao walikuwa wamelala hoi kwa homa. Cameron akapendekeza azikwe hapahapa. Wakakataa.

Naomba ulikazie hilo kwa watoto. Hawa walikuwa wapagazi na watumishi, mbele yao amesimama afisa wa jeshi la majini la Uingereza, na wakamwambia hapana. Wakaondoka na mzigo wao. Njiani walisikia kwamba vijiji vya mbele havitakubali maiti kupita. Wakatengeneza furushi la uongo la miti, wakalirudisha upande wa Unyanyembe kana kwamba wamekata tamaa na wanakwenda kuzika, kisha mwili halisi wakaufunga upya ufanane na mtumba wa nguo wa biashara. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Kutoka hapo maofisa wakaichukua maiti, na wengi wa wale waliotembea zaidi ya miezi minane wakalipwa ujira wao wakaachwa. Jacob peke yake ndiye aliyekuwapo kati ya walioshika jeneza London tarehe 18 Aprili. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza mazishi yakiwa yameshapita. Mimi sijawahi kulisimulia jambo hili mbele ya wanafunzi bila mmoja wao kuuliza, "Sasa kwa nini hii nyumba haina majina yao?" Swali zuri. Kuna siku litajibiwa, kama watoto wa kutosha wataendelea kuuliza.

Mkiingia, msikimbilie picha za ukutani. Anzeni nje. Zungukeni nyumba yote mara moja, mtazame jinsi paa linavyokutana na ukuta na maji ya mvua yanavyotolewa. Pigeni jicho kwenye lipu. Palipokandikwa udongo au chokaa ukuta unapumua, unyevu unaingia na kutoka. Palipozibwa kwa saruji unyevu hunasa ndani, tofali la udongo linaanza kuoza nyuma ya lipu huku nje kunaonekana kuzuri, na siku moja kipande kizima kinabanduka. Mkiona mahali pana bonge la saruji na pembeni yake kuna mavunduvundu, hapo mmeshaona tatizo kubwa kuliko yote la majengo ya udongo yaliyorejeshwa, na mmeliona bila kufundishwa darasani. Watoto wasiegemee kuta, wasikwangue, wasiandike majina. Ukucha wa mtoto ni kitu kidogo, ila ukuta huo hupokea kucha nyingi kwa mwaka.

Mlangoni simameni. Mlango wa nakshi una mbao mbili na mfaa katikati, miimo pembeni, na kizingiti juu chenye michoro mizito kuliko kwingine. Popote mtakapokutana na mlango wa namna hii, iwe Kwihara, Tabora mjini, Ujiji au Bagamoyo, angalieni kizingiti kwanza, kwa sababu hapo ndipo mafundi walipoweka aya au mwaka wa Hijria. Mlango wa pwani katika nyumba ya udongo ya Unyamwezi unaeleza mengi juu ya mwenye nyumba. Alitaka kila mpita njia ajue kwamba ana watu Unguja, ana mali, na ni Mwislamu.

Ndani, inueni macho. Wageni wengi hutazama kuta tu, na dari ndiyo inayoonyesha ufundi: boriti ziko umbali gani, fito zimepangwaje, udongo umekaa vipi. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kwa hiyo vyumba vya tembe ni virefu na vyembamba. Kisha kaeni uani. Fikirieni mizigo imepangwa huko. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, begani, siku nzima, miezi mitatu. Mwambie kijana wako ajaribu kubeba mfuko wa unga wa kilo 25 kutoka getini hadi mlangoni kwenu, siku moja kabla ya safari. Akifika Kwihara atakuwa na maswali ambayo picha haziwezi kuyajibu, na hapo mtunzaji wa nyumba ataacha kukariri na kuanza kuzungumza.

Kama kuna nguvu, ulizieni kaburi la John William Shaw, lililo karibu na tembe. Alikuwa baharia Mwingereza aliyeajiriwa na Stanley. Aliugua, akashindwa kuendelea na safari ya Ujiji, akarudishwa Kwihara akafia hapo. Stanley na Livingstone waliliwekea kaburi lake mawe kabla hawajaachana.

Kuhusu usafiri, mwezi wa saba umeuchagua vizuri. Ni kiangazi, barabara ni kavu na vumbi ndilo usumbufu pekee. Kutoka mjini chukueni teksi au bajaji, mkubaliane mapema kwamba atawasubiri, kwa kuwa Kwihara si stendi na usafiri wa kurudi si wa hakika. Nendeni asubuhi, siku ambayo si ya harusi wala kesho yake. Wekeni saa mbili za kukaa hapo. Bebeni maji ya kunywa na fedha taslimu za noti ndogo kwa ajili ya kiingilio, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Kwa kuwa nyumba ni ndogo na wageni si wengi, ni busara kumtanguliza mwenyeji wenu akaulize siku moja kabla kama mtunzaji atakuwapo. Bila yeye mtabaki kutazama kuta kwa nje.

Usiku wa kuamkia safari wape watoto tarehe nne tu wazishike: 1857, Burton na Speke, 1871, vita na Mirambo, 1872, barua ya Mei, 1873, Chuma na mzigo wake. Zaidi ya hapo watachoka. Na mkipata nafasi baada ya harusi, treni ya Kigoma inapita hapohapo Tabora. Ujiji kuna makumbusho mengine ya Livingstone chini ya miembe, na mkienda huko mkiwa mmeshatoka Kwihara mtayaelewa kwa mpangilio wake, kwa sababu mtakuwa mnafuata njia ileile aliyolazimika Stanley kuizunguka.